Chungu cha Castelnaudary

"Baba Nao, mbona jana hukuloweka maharage?" Sumie alimuuliza mumewe huku akipanga vijiko.

"Ya leo hayahitaji kulowekwa," Katsunori akamjibu. Tanuri aliliwasha saa tano na nusu, saa ambayo siku nyingine chungu huwa karibu kuiva.

Saa sita mgeni akaingia, kifua mbele: Fulcran Delrieu, mpishi mashuhuri wa Castelnaudary, Ufaransa. Alifuatana na Bi Kuwabara, mnunuzi wa maduka makubwa ya Osaka, ambaye kesho yake angetia saini mkataba wa kuuza vyakula vya Delrieu Japani nzima. Delrieu ndiye aliyeomba waje hapa, amwonyeshe bibi huyo jinsi Wajapani wanavyokiharibu chakula cha Kifaransa. Neno lake moja baya lingetosha kumfungia Katsunori mgahawa.

Miaka ishirini na miwili nyuma, Katsunori alijifunza kazi jikoni kwa Delrieu. Chungu chake cha kwanza cha maharage, bata na soseji, bosi alikimwaga kwenye pipa la taka mbele ya wapishi wote. "Rudi kwenu ukapike wali!" Walicheka hadi machozi. Katsunori hakusahau, wala hakutaka kusahau.

Leo alikileta chungu mezani mwenyewe, kikitokota, juu kimefanya gamba la kahawia.

Delrieu akaonja kijiko kimoja, akakunja uso.

"Maharage uji mtupu! Soseji chumvi tupu! Bata wa watu kafa bure. Si nilikwambia, mama? Hawa hawakiwezi chakula chetu. Aliyepika hiki, kwangu hamalizi siku."

Bi Kuwabara naye akaonja, akasukuma sahani pembeni.

"Samahani sana, Mwalimu," Katsunori akainama. Akamletea kalamu ya wino na kibao cheupe, kama wanavyoletewa wageni mashuhuri katika migahawa ya Japani. "Tuandikie neno, tulitundike ukutani."

"Neno hilihili?"

"Hilohilo, Mwalimu."

Delrieu akacheka, akaandika kwa herufi kubwa: *Hakifai hata kwa nguruwe.* Akatia saini na tarehe.

Katsunori akakitundika kibao juu ya meza yao, roho yake kwatu. Kisha akaingia jikoni, akarudi na kopo tupu la maharage, akaliweka mbele ya Bi Kuwabara. Kwenye karatasi ya kopo, chini ya kofia nyeupe ya mpishi, Fulcran Delrieu alikuwa akitabasamu, kijiko mkononi.