Mgongo wa Mama Ngendo

Mwanamke asiyeweza kuketi alikuwa ameketi. Tena kwenye benchi la mbao, ametulia, anamenya chungwa.

Daktari Mutahi aliinua picha ya eksirei dirishani mara ya pili. Chini kabisa ya uti wa mgongo, kifuko cha maji kilikuwa kimeota kwenye neva na kuanza kuula mfupa. Ugonjwa huo aliujua kwa vitabu tu: mwenye nao haketi kwa maumivu. Usipopasuliwa upesi, miguu hufa. Na tangu daktari mzungu arudi kwao baada ya Uhuru, mpasuaji Nyeri nzima alikuwa Mutahi peke yake.

"Mama Ngendo, unaumwa sasa hivi?"

"Sana, Daktari." Akatema mbegu mkononi.

Mutahi alikuwa akimshuku tangu mwanzo. Ukimuuliza swali, hajibu. "Wacha nifikirie, nitakuambia siku ya soko." Kisha anarudi kutoka soko la Chaka na jibu lililonyooka: nikipiga chafya, moto unashuka mguu wa kushoto. Kama mtu aliyefundishwa. Ukimpapasa, mgongo mzima kama wa msichana.

Na siku hizo Mutahi hakuwa na subira na wanawake wagumu. Mama mkwe wake alikuwa ameshuka kutoka Naro Moru kumwona mjukuu, akasalimu, akaenda zake. Hata kuketi anywe chai hakutaka. "Ananidharau," Mutahi alimwambia mkewe. "Simwaliki tena."

Akaiweka picha mezani. "Hii si yako, mama. Nimpasue nani?"

Ngendo aliacha kutafuna. "Mtu ambaye ni mwiko avue nguo mbele yako."

"Mimi ni daktari. Wote wanavua."

"Huyu hawezi, ati afadhali alemae. Nilimsihi Sista wa eksirei ampige picha kwa jina langu." Akainamisha kichwa. "Akishalala kwa dawa, mfunikeni shuka, mwache mgongo tu wazi. Uso usiutazame. Na mkikutana njiani, hujui kitu."

"Yuko wapi?"

Ngendo alielekeza dirishani kwa kidevu.

Nje, wagonjwa walikuwa wameketi kwenye nyasi wakiota jua. Mmoja tu alikuwa amesimama, mkono kiunoni, uso ameugeuzia ukuta. Shali yake ya kijani Mutahi aliinunua mwenyewe, siku alipokwenda Naro Moru kuposa.

Akavuta pazia haraka.

"Kesho asubuhi," alisema. "Na shuka liwe kubwa."