Mikono Mgongoni

Mgeni mwenye miwani myeusi alificha mikono mgongoni, na Bibi Niang nusura aimwage pombe yote ya mchele.

Wageni wa basi hawafichi mikono. Wakinyweshwa langoni mwa kijiji kwa pembe ya nyati, huidaka kwa pupa wapate picha, na anayeigusa pembe sharti aimalize. Juzi mmoja aliimaliza, akaikumbatia nguzo ya lango mpaka jioni akiibembeleza, "Mke wangu, turudi nyumbani." Wanaojua kuficha mikono ni watoto wa hapa tu.

Ukungu ulishuka taratibu, lango na watu vikawa kama vinaelea. Bibi akaliona kovu la kidevuni. Binti yake! Yule aliyefukuzwa na babake kwa kumpenda dereva.

"Imba basi, Bibi! Tuna vijiji viwili mbele!" akafoka mwongoza wageni.

Bibi alijua akimwita binti kwa jina, kumwogopa babake kutamrudisha mbio basini. Niang akaimba wimbo wa kukaribisha, ila maneno akayabadilisha, kwa lugha ya milimani wasiyoijua wageni: baba yako keshazikwa, kitanda chako bado kiko dirishani.

Wageni wakapiga makofi. "Wimbo mtamu kweli!"

Nyuma ya miwani, sauti nyembamba ikaitikia kibwagizo.