Sindano za Kumpata Kunda

Siku hizi sindano za kutafutia mtoto hazifunguki mpaka zihisi ngozi imekufa ganzi. Ndeshi alijipaka dawa ya ganzi tumboni, akasubiri, akajidunga mwenyewe bila kusikia chochote.

Akakumbuka walivyomtafuta Kunda, mwanawe wa kwanza. Zile sindano ziliuma, na kila asubuhi mumewe Elinami alimshika mkono akimsimulia vituko vyake vya shuleni, mpaka akacheka huku analia. Sasa Elinami alikuwa sebuleni, anakunywa chai.

"Baba Kunda, njoo unishike!"

Elinami alikuja mbio. "Kwani inauma?"

"Inauma," alidanganya.

Akapiga magoti, akamwekea kiganja tumboni. Ndeshi ilimbidi atazame ndipo ajue kuwa ameguswa.