Uchafu wa Mabua

Kopo lilikuwa tupu. Jepchumba aliligeuza, akaligonga kiganjani, na vumbi kidogo likadondoka, la kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi. Halafu akatambua mahali alipolikuta: kwenye meza ya jikoni, kando ya vibuyu vya mursik, yale maziwa ya kugandisha.

Mungu wangu, Mama!

Aliijua desturi ya nyumba yao hapo Rongai. Kabla ya kumimina maziwa, mama yake, Cheruto, husugua kibuyu ndani kwa mkaa wa mti wa senetwet, ndipo maziwa yagande na kupata ile rangi ya majivu na harufu ya moshi. Sasa mama ambaye macho yake yamechoka akikuta kopo la vumbi jeusi jikoni mwake, atadhani ni nini?

Vumbi lile alilileta mwenyewe kutoka kwenye karakana alikofanya kazi. Huko mabua ya mahindi huchemshwa kwa magadi makali mpaka yatoe maji meusi yenye uvundo usiotoka nyweleni hata kwa sabuni. Maji hayo hutiwa asidi, na chini hutuama tope linaloteleza, ambalo hukaushwa na kusagwa. Wataalamu huliita lignini, na kiwanda kimoja cha mbao mjini Nakuru kilikuwa kinalisubiri kutengenezea gundi. Wafanyakazi wenyewe waliliita makamasi.

Na makamasi hayo sasa yalikuwa yanaandaliwa wakwe.

Sebuleni walikuwa wamekaa watu wa mchumba wake Kipngetich, waliokuja kumposa. Msemaji wao, Mzee Kibii, alikwisha kutangaza kwamba nyumba isiyojua kutunza maziwa haiwezi kumpa mke kijana wake.

Shangazi Jepleting alimnyooshea Jepchumba kikombe pale jikoni. "Onja, bibi harusi. Leo mamako amejiweza."

Jepchumba aliona chembe nyeusi zikielea, akakisukuma kando.

"Wacha nikule kwanza, shangazi. Nasikia njaa."

Akavuta sahani ya ugali wa wimbi aliyowekewa pembeni, akashindilia tonge juu ya tonge ili mdomo usipate nafasi ya kikombe. Ugali wenyewe ulimwia mchungu. Ukiwa na kinyaa, hata asali ni shubiri.

Angenyamaza? Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Lakini mfichua uchi naye, ataolewa na nani?

"Aisee! Hii ndiyo mursik!" sauti ya Mzee Kibii ilivuma kutoka sebuleni. "Cheruto, niongezee!"

Jepchumba alichungulia. Mzee alikuwa anaramba masharubu yake, yaliyotapakaa weusi, tena anaramba kwa furaha. Kando yake Kipngetich aliinua kikombe chake, na hapo uvumilivu wa Jepchumba ukaisha. Akaingia mbio, tonge likiwa bado mkononi.

"Msikunywe! Mum ameweka uchafu ya kazi yangu kwa kibuyu! Ni mabua na asidi!"

Mzee Kibii akaweka kikombe chini, akajifuta mdomo kwa nyuma ya mkono, akaanza kuitafuta fimbo yake. Kipngetich alikodolea zulia macho. Kumbe posa huvunjika hivi, Jepchumba akawaza, na moyo ukamuuma.

Cheruto alisimama na kibuyu mkononi, uso umemwiva kwa aibu.

"Mimi? Nisijue mkaa? Hii ni senetwet, Mzee, nimeichoma na mikono yangu. Hata nikiwa kipofu naijua na pua. Nusa!"

Mzee Kibii alinusa. Akanusa tena. Kisha akaiacha fimbo, akacheka mpaka mabega yakatikisika, akanyoosha kikombe. "Binti yenu ana wivu na maziwa, huyu. Atatufaa."

Wote wakacheka, hata Kipngetich. Jepchumba akapata nafuu, na njaa ya kweli ikamjia. Akalitia lile tonge mdomoni.

"Sasa Mum," akauliza huku akitafuna, "ile kitu ilikuwa kwa kopo iko wapi?"

"Wimbi yako?" Cheruto alisema, akimmiminia mzee maziwa. "Niliona ni kidogo, haiwezi tosha wageni. Nikachanganya na unga ya mahindi, nikakupikia wewe pekee yako."