Nusu Isiyo na Vitunguu

Mwatumu alipofikisha piza ya Bwana Kombo alikuta turubai limefungwa mlangoni. Akaambiwa Bwana Kombo amefariki adhuhuri. Na ndiye aliyepiga simu asubuhi: iletwe saa kumi, nusu isitiwe vitunguu.

Hajafumbua kinywa, mama mmoja akalipokea boksi kwa mikono miwili. "Mungu akulipe, mwanangu. Humu jikoni moto haujawashwa." Akalipeleka ndani, akaliweka kati ya masinia ya wali waliyoleta majirani. Mwatumu akamfuata na helmeti yake kichwani.

Mjane, Bi Somoe, ameegemea ukuta, macho makavu, kama anayengoja kuitwa dirishani hospitali.

"Kula japo tonge, dada," wakamsihi.

Akafunua boksi ili wamwache tu. Mkono ukasita.

"Nani kakwambia mimi sili vitunguu?"

Mwatumu akavua helmeti, akaketi mkekani.

"Aliyeagiza, mama. Alipiga asubuhi."

Bi Somoe hakulia. Alinyanyua kipande, na jibini ikamfuata kutoka kwenye boksi, nyembamba kama uzi. Akazidi kuinua mkono, nayo haikukatika.