Damu ya Kulinganishia

Pale maabara, Mwasiti alimbana panya shingoni kwa fimbo ya chuma, akavuta mkia mara moja. Shingo ikavunjika. Ilibidi awahi kabla panya hajajua, maana panya akiogopa, homoni ya steroidi hujaa kwenye damu, na seli zinazopigana na magonjwa hunyamaza. Kipimo kinaharibika.

Dakta Mbelwa aliinua uso kwenye mashine.

"Mwasiti, umechanganya chupa. Hii umeandika damu ya kulinganishia, ya mtu mwenye afya. Mbona seli zimelala kama za wale panya tunaowatisha kila siku?"

"Sijachanganya. Nimejitoa damu mwenyewe asubuhi."

Dakta akamtazama. Mtandio ulikuwa umeteleza, na chini ya sikio alama nne za vidole zilikuwa zimevilia damu.

Nje honi ilipigwa mara tatu. Mwasiti akajikunyata.

"Ni mumeo? Usitoke."

"Nisipotoka ataingia."

Akaingia. Shomari hakumsalimia mtu. Alipita akikumba chupa mezani, zikapasuka sakafuni, akamkamata mkewe kisogoni na kumbamiza uso kwenye kizimba cha panya.

"Honi huisikii?"

Damu ya pua ikawadondokea panya. Dakta alisimama tu, mikono mifukoni.

Shomari akainama kuokota funguo za gari zilizomponyoka, shingo wazi, hana hofu hata kidogo. Fimbo ya chuma ilikuwa bado mkononi mwa Mwasiti.