Seva ya Jengo la Zamani

"Mkurugenzi amesema uihamishe leo," Kabir alisema, "la sivyo kesho usije kazini."

Marcelina alitazama kompyuta kuukuu iliyokuwa mbele yao. Ndani yake ilikaa seva pepe, kompyuta iliyoundwa kwa programu tupu, huwezi kuishika, lakini ndiyo iliyoongoza mfumo mzima wa hospitali. Ingeweza kuhamia yenyewe kwenye kompyuta nyingine yoyote. Marcelina alikuwa ameifunga hapa, jengo la zamani, isiende popote.

"Ikikaa mahali pamoja, mambo yakiharibika tunajua pa kuitafuta," alisema. "Na tuongee kwa sauti ya chini, kaka Kabir."

"Mtaitafuta jengo jipya, kwenye kiyoyozi. Joto la humu linaua mashine. Hata ukuta huu ukiugusa ni wa moto." Kabir alijifuta shingo. Alitumwa Tabora kutoka Dar kunyoosha mambo, na mpaka sasa alikuwa amenyoosha watu tu. "Una sababu nyingine?"

"Nyingine niliipeleka kwa mkurugenzi. Akasema bajeti hairuhusu."

Kabir akacheka. Bajeti ilikuwa hoja yake pia. Mafuta yalikuwa haba, kwa hiyo umeme ukikatika jenereta ilijielekeza yenyewe kwenye jengo moja tu, lile lenye seva. Jengo jipya, lenye ofisi zote, likabaki gizani kwa ajili ya ukaidi wa mtu mmoja.

Marcelina aligoma. Nyumbani Isevya alikuwa na watoto wa kusomesha, lakini aligoma. Kabir hakubishana; mwenye nywila ya mkurugenzi ana haja gani ya kubishana? Alivuka ua hadi jengo jipya, na akiwa huko akaihamishia seva humo bila kumwambia mtu.

Alasiri mvua ilishuka na radi zake, umeme ukakatika. Jenereta ikaunguruma. Taa za ofisi ziliwaka, mfumo haukuyumba hata kidogo, na Kabir akajaa raha. Alikimbia kwenye mvua kwenda kumwonyesha yule mkaidi.

Chumba cha seva kilikuwa giza, hakina mtu. Alisikia sauti ya Marcelina chumba cha jirani, akasukuma mlango.

Mashine za kuwatunzia joto watoto njiti zilikuwa zimezima zote. Muuguzi alikuwa na wawili kifuani, ngozi kwa ngozi. Marcelina, amejifunika kitenge yeye na wa tatu, alimnyooshea Kabir wa nne.

"Fungua shati, kaka. Huyu hana mama."